Pikipiki iliyolala tangu Januari: kabureta kwanza, kiki baadaye

Ukipanda Kibosho, Machame au Marangu, kwenye miteremko ya Kilimanjaro, wiki moja kabla ya Krismasi, utasikia nyumba hadi nyumba mlio uleule: kiki, kiki, kiki, kisha kimya. Wenyewe wamerudi nyumbani kutoka Dar es Salaam na kwingineko, pikipiki iko bandani palepale ilipoachwa Januari, na haitaki kuwaka. Kwanza hulaumiwa betri, kisha plagi, kisha kijana aliyeachiwa ufunguo. Mara nyingi wote watatu hawana kosa. Kosa liko kwenye kabureta, kile chombo kinachochanganya petroli na hewa, na ndani ya kabureta liko kwenye kitundu kimoja ambacho hata sindano ya kushonea haipiti.

Maelezo haya ni ya pikipiki za silinda moja zenye kabureta: Boxer, TVS, Honda CG na XL, zile za Kichina za 125 na 150, hata Yamaha AG100 na DT za mashirika na misheni. Zile mpya zinazopuliza petroli kwa umeme zina habari yake.

Petroli ni mchanganyiko wa vimiminika vingi. Vilivyo vyepesi, ambavyo ndivyo vinavyowasha injini ikiwa baridi, huruka kwanza. Kinachobaki hushikana na hewa kikawa utomvu wa kahawia, na mwishowe ukoko mgumu wa vanishi. Bakuli la kabureta hubeba petroli ya vijiko vichache tu na lina tundu la kupumulia, kwa hiyo hukauka mapema sana kuliko tangi. Sasa angalia vipimo. Kwenye kabureta nyingi za aina hii namba ya jeti, yaani kile kipande kidogo cha shaba kinachopitisha petroli, inakuambia ukubwa wa tundu: jeti ndogo ya namba 38 ina tundu la karibu milimita 0.38, na jeti kubwa ya namba 100 ina karibu milimita 1. Ukoko uleule unaoipunguza jeti kubwa kidogo tu unaiziba ndogo kabisa. Jeti ndogo ndiyo inayolisha injini kwenye sailensi, yaani pikipiki ikinguruma bila kuvutwa mafuta, na ndiyo inayosaidia kuwasha. Ndiyo maana dalili ni moja karibu kila mahali: inawaka kwa choki (kile cha kuzidishia petroli injini ikiwa baridi), ukiirudisha choki inakufa, ukishikilia mafuta inakwenda, ukiachia inazima.

Ikiwa bado hujaondoka, dawa ya haya yote ni kufunga koki na kufungua ile skrubu ndogo chini ya bakuli hadi petroli iishe kutoka. Kuiacha ingurume mpaka izime yenyewe si sawa na kumwaga, kwa sababu injini hufa kabla bakuli halijakauka, na kile kidogo kinachobaki chini ndicho kinachogandia kwenye jeti.

Kabla ya kugusa kabureta

Usipige kiki kwanza. Kwa zenye stroki nne, angalia oili. Koki ikiwa ilibaki wazi na sindano ya floti, lile boya la ndani ya bakuli, haikufunga vizuri, petroli hushuka taratibu kupitia manifoldi (bomba linalounganisha kabureta na injini) hadi kwenye silinda na kuingia kwenye oili. Vuta kijiti: ikiwa kiwango kimepita alama ya juu na oili inanuka petroli, mwaga yote uweke mpya, kwa CG125 ni takriban lita moja. Oili iliyochanganyika na petroli haishiki chuma, na mtu akiiwasha hivyo anakula beringi na pistoni kwa ajili ya safari ya kwenda sokoni.

Toa plagi, tia kijiko kimoja cha chai cha oili kwenye tundu lake, kisha sukuma kiki polepole kwa mkono mara kadhaa bila plagi. Ringi zilizokaa kavu muda mrefu zinahitaji hilo. Petroli ikiruka nje kwenye tundu, umejiepusha na balaa. Halafu jaribu moto wa plagi ukiwa umeigusisha kwenye chuma cha injini, mbali na tundu hilo, maana mvuke unaotoka humo unawaka. Cheche ya buluu inatosha. Kwa CG mwanya wa plagi ni milimita 0.6 hadi 0.7.

Sasa chomoa mpira wa mafuta kwenye kabureta, uelekeze kwenye chupa ya maji ya nusu lita, fungua koki. Petroli inatakiwa itiririke bila kukatika. Isipofika angalau robo ya chupa kwa dakika moja, tatizo lako la kwanza liko kwenye koki, chujio lake au kifuniko cha tangi. Iache chupa itulie kidogo kisha itazame kwenye mwanga. Maji hujitenga chini kama tone zito. Kutu huonekana kama vumbi la ugoro. Petroli nzima ikinuka kama rangi ya mafuta badala ya petroli, mwaga tangi lote. Haifai kuwashia injini, ila inafaa kuoshea mnyororo. Isimwagwe kwenye mfongo, yaani mfereji wa maji, wala kwenye migomba. Maji hayo kuna mtu chini anayatumia.

Tangi lenye kutu lisafishwe kabla ya kabureta, na hili halina mjadala. Litoe kwenye pikipiki, toa koki, tia konzi mbili za kokoto ndogo zilizooshwa na maji ya sabuni, tikisa pande zote, mwaga, rudia mpaka maji yatoke safi. Kausha juani mpaka ndani pakauke kabisa, suuza kwa petroli kidogo, imwage hiyo nayo. Kisha weka filta ndogo ya karatasi kwenye mpira wa mafuta, mshale ukielekea kwenye kabureta. Kusafisha kabureta iliyo chini ya tangi lenye kutu ni kujipangia kazi ileile ndani ya wiki. Msimu wa baridi, Juni na Julai, tangi lililo nusu huvuta unyevu kila usiku. Ama lijazwe hadi juu, ama likaushwe kabisa.

Angalia na boksi la filta ya hewa. Panya hupenda sana humo. Nyigu nao hujenga kwa udongo ndani ya vimipira vya kupumulia vya kabureta, na hata kwenye bomba la moshi, na injini isiyoweza kutoa pumzi haiwezi kuivuta.

Kuitoa na kuifungua

Fanyia kazi nje, mbali na jiko la mkaa na sigara. Funga koki, mwaga bakuli, legeza klipu ya mpira wa filta. Aina ya CG inashikiliwa na nati au bolti mbili za spana namba 10. Kifuniko cha juu kinazungushwa kwa mkono na kutoka pamoja na slaidi (kile kizibo kinachopanda na kushuka ukivuta mafuta) na sindano yake ndefu, vikining'inia kwenye waya wa mafuta, ule unaotoka kwenye usukani. Vifunge kwa kitambaa safi uvitundike kando. Ziba mdomo wa manifoldi kwa kitambaa, maana nati ndogo ikidondokea humo utaishusha hedi ya injini. Kwenye aina nyingine waya haugusi slaidi; slaidi huinuliwa na mvuto wa hewa kupitia diaframu ya mpira iliyo chini ya kifuniko cha juu. Diaframu hiyo itolewe kabla dawa yoyote haijafunguliwa, kwa sababu dawa ya kabureta ya kopo huivimbisha, na ikishavimba hairudi kwenye mfereji wake.

Skrubu za bakuli zinakera. Kichwa chake kinafanana na nyota ya kawaida, lakini pembe zake ni za Kijapani, na bisbisi ya nyota ya kawaida huteleza na kukilainisha. Mimina maji ya moto juu ya kabureta, weka bisbisi wima, igonge nyuma kwa nyundo mara mbili tatu, kisha zungusha huku ukikandamiza kwa nguvu. Ikigoma, ishike kwa plaizi ya kubana. Zikiisha kutoka zitupe, weka za allen za milimita 4. Atakayefungua mara ya pili atakushukuru, na huenda akawa ni wewe.

Kabla ya kusafisha chochote soma uchafu. Utomvu wa kahawia unaonata ni petroli iliyozeeka, na dawa ya kopo inautosha. Unga mweupe ni maji yaliyokula alumini. Ukijani kwenye jeti ni maji yaliyokula shaba. Vumbi jekundu ni tangi, rudi juu usome tena. Mchanga laini wa kijivu ni filta ya hewa iliyochanika, na kwa vumbi letu hiyo ni kazi ya injini nzima, si ya kabureta peke yake.

Floti inashikwa na pini moja inayopita kwenye nguzo mbili nyembamba za mwili wa kabureta. Hapa ndipo kabureta nyingi hufia. Pini iliyogandiwa na vanishi ikigongwa, nguzo inakatika, na nguzo hiyo haichomelewi ikatulia. Lowesha kwa dawa, subiri nusu saa, isukume kwa ncha butu kutokea upande usio na kichwa. Itoke polepole pamoja na sindano ya floti.

Jeti zitolewe kwa bisbisi bapa inayojaza mfereji wote wa kichwa chake. Shaba ni laini, na bisbisi nyembamba huitafuna mara moja. Chini ya jeti kubwa kuna bomba lenye vitundu ubavuni. Toa na hilo. Mwisho ni skrubu ya hewa, ile inayopanga mchanganyiko wa sailensi. Usiitoe kwanza: iingize ndani taratibu huku ukihesabu mizunguko mpaka iguse, uandike, mfano mmoja na nusu, ndipo uifungue. Isikazwe ikifika mwisho, maana ncha yake hujichonga pete na haitarekebishika tena. Kama iko upande wa injini, mara nyingi hufuatana na springi, washa na oringi (pete ya mpira) ndogo kama punje ya mtama ambayo hubaki ndani ya tundu. Ivute kwa ndoano ya waya mwembamba. Ikisahauliwa humo dawa itaiharibu na sailensi haitatulia milele.

Kusafisha njia, si jeti peke yake

Fundi mwenye haraka hutoa jeti, hupuliza kwa mdomo, hurudisha. Pikipiki inaondoka na kurudi kesho. Jeti ndogo ni mlango tu. Nyuma yake kuna njia nzima iliyotobolewa ndani ya alumini, nayo imejaa utomvu uleule.

Loweka jeti na bomba kwenye kikombe cha dawa au petroli safi, usiku mmoja ikiwa ni ngumu. Kwa kuzibua jeti ndogo tumia uzi mmoja wa shaba uliouchomoa kwenye waya laini wa umeme, ule wa nyuzi nyingi. Uzi mmoja una takriban milimita 0.2, na shaba haikwaruzi shaba ya jeti. Waya wa breki ya baiskeli, ncha ya bikari na sindano vikae mbali. Chuma hupanua tundu, na 38 ikishageuka 45 hakuna skrubu itakayoirudisha. Kisha ielekeze jeti angani uchungulie: uone duara kamili. Ukiona mwezi mwandamo, bado kuna ukoko.

Kwa mwili wa kabureta, tafuta vitundu hivi: mdomoni upande wa filta kuna viwili vitatu vya hewa; upande wa injini, sakafuni karibu na slaidi inapoishia, kuna kimoja cha sailensi na jirani yake kimoja au zaidi, vidogo mno, vya kupokea mafuta unapoanza kuvuta; kuna tundu la jeti ndogo, tundu la skrubu ya hewa, na njia ya choki inayoanzia bakulini. Piga dawa kwenye tundu la jeti ndogo huku ukiziba vingine kwa vidole, kimoja baada ya kingine, na uhakikishe dawa inatoka kwa kila kimoja. Vaa miwani, maana inarudi usoni moja kwa moja. Kitundu kisichotoa kitu kijazwe dawa, kisubiri dakika kumi na tano, kipulizwe, kirudiwe.

Kwa upepo, yule kijana wa pancha mwenye kompresa barabarani anatosha. Mpelekee kabureta iliyofunguliwa kabisa. Upepo ukipitishwa kabureta ikiwa imefungwa, floti hubonyea na diaframu hupasuka. Puliza kinyume na petroli inavyokwenda, yaani kutokea upande wa injini kurudi bakulini, ili uchafu utoke ulikoingilia.

Ule ukijani na unga mweupe hauyeyuki kwa petroli. Hapo limao linafaa: maji nusu, juisi ya limao nusu, yachemke, tumbukiza mwili usio na mpira hata mmoja kwa dakika kumi hivi, toa, suuza kwa maji ya moto mengi, puliza ukauke hapohapo. Ukiuacha muda mrefu tindikali inaanza kula alumini yenyewe na kuiacha nyeusi. Soda ya kaustiki usiiguse kwa kazi hii, wala magadi. Vyote viwili hula alumini.

Bakuli nalo lina kijibomba cha shaba kilichosimama wima, cha kumwaga petroli ikizidi. Kikiwa na ufa, petroli itadondoka siku zote na lawama zitaangukia sindano ya floti. Ziba kwa kidole chini, jaza petroli nje yake kwenye bakuli, achia kidole utazame kama inavuja.

Kurudisha

Floti itikiswe sikioni. Ukisikia maji ndani imetoboka, nunua nyingine. Sindano ya floti ikiwa na pete iliyochongeka kwenye ncha yake ya mpira, badilisha. Ukishazifunga, geuza kabureta juu chini upulize kwa mdomo kwenye bomba la petroli: upepo usipite. Igeuze sawa: upite. Kazi ya sekunde tano inayokuokoa kutoa kabureta mara ya pili.

Vifurushi vya kukarabati kabureta kwenye maduka ya spea vina gasketi na oringi nzuri, lakini jeti zake ni bahati nasibu. Zimeandikwa namba moja na tundu ni lingine. Jeti ya kiwandani iliyosafishika ina thamani kuliko mpya ya kifurushi. Chukua mipira, jeti ziache mfukoni.

Uso unaogusana na manifoldi uwe bapa. Watu hukaza nati mpaka masikio ya kabureta yanapinda, kisha hewa inaingia pembeni na sailensi inapanda na kushuka yenyewe. Weka msasa namba 400 juu ya kioo, sugua uso huo kwa mzunguko mpaka ung'ae wote. Oringi mpya, kisha kaza kwa zamu, huku kidogo, kule kidogo.

Slaidi ina upande uliokatwa chini. Upande huo hutazama filta ya hewa. Ina pia mfereji unaoingia kwenye pini ya mwili wa kabureta. Ikigeuzwa, haifungi mpaka chini, na pikipiki itawaka ikiwa imevutwa mafuta yote. Kabla ya kupiga kiki vuta mafuta na uachie: usikie slaidi ikigonga chini, tak. Geuza usukani kushoto na kulia, usikie vilevile.

Kuiwasha na kuiweka sawa kwa mwinuko wetu

Skrubu ya hewa irudishe kwenye hesabu uliyoandika. Kama uliikuta imechezewa, anza na mzunguko mmoja na nusu. Fungua koki, subiri bakuli lijae, choki, kiki. Ipashe moto dakika tano hadi kumi, choki ikiwa imerudi. Pandisha sailensi kidogo, kisha zungusha skrubu ya hewa ndani mpaka injini ianze kudhoofika, nje mpaka idhoofike tena, uiache katikati ambapo inanguruma kwa kasi na kutulia. Shusha sailensi, kwa CG ni mizunguko 1,400 hivi kwa dakika. Kumbuka skrubu iliyo upande wa filta hupima hewa, kwa hiyo kuilegeza ni kuongeza hewa. Iliyo upande wa injini hupima petroli, kuilegeza ni kuongeza petroli. Wengi hurekebisha kinyume kwa kutolijua hilo.

Kuna jambo ambalo maelekezo ya kiwandani hayalisemi kwa ajili yetu. Moshi iko mita 800 na ushee juu ya bahari, Arusha karibu 1,400, na lango la Marangu limepita 1,800. Hewa ya Arusha ni pungufu kwa asilimia kama 13 kuliko ya pwani. Pikipiki iliyokuwa sawa Tanga au Dar inakunywa petroli nyingi mno ikifika huku: plagi inakuwa nyeusi ya masizi, inapanda kilima kwa uvivu, sailensi inachoka. Kwa zenye slaidi ya waya, toa sindano ndefu, klipu yake uipandishe mfereji mmoja juu, ambayo ni kuishusha sindano. Bado nyeusi ukiivuta mafuta yote? Jeti kubwa ishuke hatua moja, mfano 100 kwenda 98 au 95. Zenye diaframu huvumilia mwinuko vizuri zaidi na mara nyingi haziguswi. Na ukishaibana hivyo, usishuke nayo pwani bila kurudisha: petroli ikiwa pungufu injini hupata joto, na AG100 ya stroki mbili ndiyo ya kwanza kung'ang'ania pistoni.

Ikiwaka vizuri, ikaenda kilomita mbili tatu kisha ikazima kama iliyoishiwa, usirudi kwenye kabureta. Fungua kifuniko cha tangi. Ukisikia hewa ikivutwa ndani na pikipiki ikawaka tena, tundu la kupumulia la kifuniko limeziba kwa vumbi. Litoboe kwa uzi uleule wa shaba. Ikivuja petroli ikiwa imesimama, gonga bakuli taratibu kwa mpini wa bisbisi, maana sindano huenda imeshikilia chembe moja. Ikikoma, mwaga bakuli na kagua filta. Isipokoma, toa floti. Sailensi ikipanda yenyewe injini ikiwa moto, paka maji ya sabuni kuzunguka manifoldi kwa brashi. Pale inapobadilisha mlio, ndipo inapovuta hewa.